Uhunzi wa Ufipa na Tundu la Tatu

Mgeni apandaye kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga, akishaipita Laela, hujikuta juu ya uwanda mpana wa majani, wenye upepo usiochoka na miti michache, na kama ni mwezi wa Juni au Julai atalitafuta koti lake kabla jua halijazama. Hiyo ndiyo Ufipa. Mashambani ataona vilima vidogo vya udongo vilivyopangwa kama vyungu vilivyofudikizwa. Hivyo si vichuguu vya mchwa, bali ni intumba, matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake ili zioze ziwe mbolea, kisha huyatawanya na kupanda ulezi au mahindi. Kazi hiyo yataka jembe zito, na jembe, kwa muda mrefu sana, halikutoka dukani.

Katika Nkasi na Sumbawanga yamesimama hadi leo masalia ya malungu, yaani matanuri ya kuyeyushia chuma. Ilungu moja lilikuwa mnara wa udongo wenye kimo kinachokaribia mita 3, mpana chini na mwembamba juu, uliotobolewa milango kuzunguka kitako chake ili upepo uingie wenyewe bila mivuo. Wenye kazi hiyo waliupamba mnara huo kama bibi harusi, nao wakajitenga na wake zao mpaka chuma kipatikane. Kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na taka. Kilipelekwa katika kitanuri kidogo kiitwacho kintengwe, ambacho kilivuviwa kwa mivuo, na baada ya hapo ndipo kilipofuliwa jembe, shoka au mkuki. Masimulizi ya wazee huihusisha kazi hii na Milansi, himaya iliyotangulia zile za Nkansi na Lyangalile, ambayo mtawala wake wa kwanza, Ntatakwa, yasemekana alishuka kutoka mbinguni. Wataalamu wa mambo ya kale, akiwamo Profesa Bertram Mapunda aliyefanya utafiti wake huku katika miaka ya 1990, wameandika mengi juu ya matanuri hayo, wala hatuna la kuwaongezea. Majembe ya kigeni yaliyazima malungu. Ulipofika Uhuru mwaka 1961 yalikuwa yamekwisha kuwa habari za wazee, na katika miaka ya 1970 jembe la kiwanda cha Ubungo, Dar es Salaam, ndilo lililolima Ufipa.

Wageni wanaotujia ofisini kuuliza utamaduni wa Wafipa huulizia malungu, nasi huwapeleka wakapige picha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutuuliza: je, malungu yalipokwisha kuzimika, ule ujuzi ulikwenda wapi? Mikono iliyojua chuma ilikatwa? La hasha. Mikono ilikuwapo, na sehemu kubwa ya ujuzi wake ilihamia mahali ambapo maofisa wa utamaduni hatupendi kupataja, yaani kwenye kutengeneza gobore.

Gobore si kitu cha Ufipa kwa asili. Bunduki za gumegume, na baadaye zile za fataki, zililetwa bara na misafara ya biashara kutoka Zanzibar na Bagamoyo katika karne ya 19, zikitoka Birmingham, Liège na kwingineko. Katika siku za Mirambo mwenye bunduki ndiye aliyekuwa mwenye neno. Halafu yakaja mataifa ya Ulaya, na katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 yakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini yaliacha mlango wazi kidogo kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Ndiyo sababu Mwafrika aliyepewa ruhusa ya kuwa na silaha aghalabu alibaki na gobore, mwaka baada ya mwaka, huku dunia nyingine ikiwa imekwisha kulisahau. Silaha iliyosahauliwa na kiwanda chake haipati kipuri. Kitako kikivunjika, mdeki ukipotea, kifa kikiliwa na kutu, yaani kile kichuchu kinachopokea fataki, ilibidi kwenda kwa mhunzi.

Mjomba wetu alikuwa mhunzi wa namna hiyo. Kiwanda chake kilikuwa banda la nyasi katika kijiji kimoja cha ukingoni, upande wa milima ya Mbizi, mahali ambapo uwanda unakatika ghafla na mtu akisimama huona bonde lote la Ziwa Rukwa likiwa limelala chini kama mita 1,000. Alirithi mivuo na fuawe kutoka kwa baba yake, na baba yake, kama alivyosimulia, aliwahi kuchukua makaa kwenye ilungu akiwa kijana. Sisi tulipelekwa kwake mwaka 1983, tukiwa na umri wa miaka 14, ili tusomee shule iliyokuwa karibu naye. Na kwa kuwa mtoto wa dada hakai bure nyumbani kwa mjomba, kila alasiri tulivuta mivuo.

Siku nyingi kazi ilikuwa ya majembe yaliyochakaa, mashoka na pete za mikokoteni. Gobore lilikuja labda mara moja kwa mwezi, aghalabu kutoka bondeni, ambako nguruwe pori na nyani waliwasumbua wakulima kuliko huku juu. Lilipokuja, mjomba alifagia banda kwanza. Alitazama cheti cha mwenyewe, akahakikisha kwamba halina baruti ndani kwa kuingiza mdeki na kupima urefu wake kwa nje, kisha akalilaza juu ya gunia na kulitazama kwa muda mrefu bila kuligusa. Hatukuelewa wakati ule alikuwa akitazama nini. Baadaye alituambia kwamba mtutu ni chungu: nje unaona unene wake, lakini unene wenyewe uko mahali usipoona.

Msomaji ambaye hakuwahi kukaa na wahunzi atadhani kwamba kutoboa tundu katika chuma na kulikata hesi, ili skrubu ishike, ni kazi ya mashine ya mjini. Mjomba aliifanya kwa keekee ya mkono, ambayo kishikio chake alikiegemeza kifuani, na kwa tapu aliyoitengeneza mwenyewe. Alichukua skrubu ya pua iliyotoka katika gari bovu, akainoa kwa tupa ncha yake ikawa nyembamba, akaichonga pande tatu ili hesi zake zipate makali na vumbi la chuma lipate pa kutokea. Kisha aliichoma motoni mpaka ikawa nyekundu kama tunda la mkahawa lililoiva, akaitumbukiza katika mafuta. Hapo ilikuwa ngumu mno, ya kuvunjika kama kigae. Akaisugua ikang'aa, akaipasha tena polepole mbali na moto, akiitazama rangi ikitembea juu yake. Ilipofika rangi ya bua kavu la mahindi, akaizamisha mara ya mwisho. Sekunde mbili zaidi ingekuwa ya zambarau na isingekata kitu. Hakuwa na saa wala kipimajoto. Tunaamini kwamba jicho hilo lililosoma rangi ya chuma ndilo lile lile lililokuwa likichungulia katika milango ya malungu, ila sasa lilikuwa likitazama kitu chenye urefu wa kidole.

Na kukata hesi kwenyewe kulikuwa na mwendo wake: nusu mzunguko kwenda mbele, robo kurudi nyuma ili uchafu uvunjike, tone la mafuta ya nguruwe, nusu mbele, robo nyuma. Sisi tulio watu wa mashairi huhesabu mizani kwa vidole. Lakini hesabu ya kwanza tuliyoijua ni ile ya tapu, na mpaka leo tukitunga beti za usiku mkono wa kulia hujizungusha wenyewe mezani, jambo linalowachekesha watu wa nyumbani.

Mwezi wa Septemba mwaka ule alipanda mzee mmoja kutoka Muze, akiwa na gobore la zamani sana la Kiingereza, lenye neno TOWER ubavuni mwa mtambo wake. Alilinda mashamba ya ukoo wake usiku. Alitaka jambo ambalo hatukuwahi kuliona likitakiwa: alitaka chuma za kulengea. Alikuwa ameona bunduki ya bwana nyama, yenye kipande chenye mfuo nyuma na kinundu mbele, vyote vimeshikwa kwa skrubu, naye akaona kwamba hicho ndicho kilichomkosesha nguruwe miaka yote.

"Mzee wangu," mjomba alimwambia, "gobore halilengi, gobore huelekezwa. Ndani ni laini kama utumbo. Risasi ikishatoka, yenyewe ndiyo inayojua iendako."

"Hatua thelathini tu, fundi," mzee alijibu. "Nguruwe akiwa kwenye mbalamwezi mimi sioni ncha ya mtutu. Niwekee kitu cheupe nikione."

Hoja hiyo ilikuwa na maana, na mjomba aliikubali. Kipande cha nyuma hakikumtia wasiwasi, kwa kuwa mtutu huwa mnene sana karibu na chumba cha baruti. Matundu mawili ya skrubu pale, yasiyofika ndani, hayana madhara. Shida ilikuwa mbele. Mdomoni mtutu wa gobore ni mwembamba, na ule ulikuwa umeliwa zaidi na mdeki wa miaka mingi. Mjomba akapima kwa kipande cha waya alichokipinda kama ndoana, akapima tena upande wa pili, akasema kwamba kinundu cha mbele angekiunga kwa shaba bila kutoboa. Mzee alikataa. Alikuwa ameona skrubu, na skrubu ndizo alizozitaka. Kitu kilichogandishwa kwa moto, alisema, siku moja kitadondoka majanini. Baada ya mabishano ya nusu siku na kibuyu cha pombe ya ulezi, mjomba alikubali tundu la tatu kwa sharti moja, kwamba lisiende ndani zaidi ya hesi tatu. Akafunga uzi wa katani juu ya ncha ya keekee kuwa alama: uzi ukigusa mtutu, basi, kazi imekwisha.

Siku ya kwanza alitoboa matundu mawili ya nyuma, akayakata hesi, akafunga kipande chenye mfuo. Kilikaa kana kwamba kilizaliwa pale. Siku ya pili asubuhi, kabla hajaanza tundu la mbele, aliitwa msibani kijiji cha jirani. Aliacha mtutu umebanwa, alama ya tundu imekwisha kupigwa kwa ncha ya pua, keekee pembeni yake na uzi wake. Alituambia neno moja tu: "Usiguse."

Hapa msomaji asidanganywe na huu "sisi" wetu wa kalamu. Aliyeishika keekee ile alikuwa mtu mmoja, na alikuwa peke yake bandani. Hatukuwa na nia mbaya. Tulitaka mjomba akirudi amechoka akute kazi imekwisha, atutazame kwa namna aliyowatazama mafundi. Tukaegemeza kifua, tukazungusha. Chuma kilitoka taratibu kama nywele za chuma, zikijikunja, na harufu ya mafuta ya nguruwe yaliyopata moto ikapanda. Tulikuwa tukiutazama uzi. Hatukujua kwamba mafuta yale yale yalikuwa yameulainisha, nao ulikuwa ukipanda juu polepole kila keekee ilipozama. Ghafla ncha ikaingia, kama mguu unaoteremka gizani na kukosa ngazi.

Tukaichomoa. Tukapuliza mdomoni mwa mtutu, na upepo ukatoka kwenye tundu.

Tulifanya nini? Tulikata hesi. Tukapaka skrubu masizi na mafuta, tukaikaza juu ya kinundu alichokwisha kukifua mjomba, tukakata kwa tupa kilichozidi ndani kadiri tupa nyembamba ilivyofika, tukafuta vumbi. Kwa nje ilikuwa kazi safi. Mjomba aliporudi jioni alikasirika kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu akaitazama ile skrubu, akaigusa kwa kidole gumba, akauliza kama uzi uligusa mtutu. Tukasema uligusa, na kweli uligusa. Akacheka. Akamwita shangazi aje kutazama. Kesho yake mzee wa Muze alikuja kuchukua bunduki yake, akalipa kwa debe la mchele, na mjomba, ambaye hakupenda maneno mengi, alimwambia kwamba tundu la mbele lilitobolewa na mpwa wake.

Tulinyamaza kwa siku tisa. Tulikwenda shuleni, tukavuta mivuo, tukala. Usiku tulisikiliza kama ng'ambo ya ukingo, chini bondeni, kungesikika mlio. Jambo la kipumbavu, kwani hata mzinga usingesikika kutoka kule. Siku ya tisa mjomba alifungua kibweta chake, akatoa tapu moja, ile ya rangi ya bua kavu, akatuwekea kiganjani akisema ni yetu, maana mkono ulioweza tundu la mdomoni ulistahili kuwa na tapu yake. Hapo ndipo tuliposema.

Hakutupiga. Tungependa kuandika kwamba alitupiga, maana lingekuwa jambo jepesi. Alimwaga maji juu ya makaa, moto ukiwa bado mzuri na jembe la mtu likiwa ndani yake, akachukua fimbo yake, akasema, "Vaa viatu."

Tuliteremka ukingo mchana huo kwa njia ya miguu, magoti yakitetemeka, hali ya hewa ikibadilika kutoka baridi ya juu hadi joto zito la bondeni. Tukalala njiani kwa watu, na asubuhi tukafika Muze. Mzee alikuwa ameketi chini ya mwembe. Upande mmoja wa uso wake, chini ya jicho la kulia, palikuwa na jeraha jekundu lililoanza kukauka.

Alikuwa amepiga mara moja tu. Alikuwa ameliinamisha gobore kidogo ubavuni, kama walivyozoea wazee wanaokwepa moshi wa fataki, na mlipuko ukapita tundu la tatu, ukaing'oa skrubu na kuirusha nyuma. Mwenyewe alidhani kwamba alijaza baruti kupita kiasi. Hakuwa ametuma mtu kulalamika, kwa kuwa, alisema, jina la fundi halichafuliwi kwa uzembe wa mpigaji. Mjomba alisikiliza yote hayo kimya, kisha akatusogeza mbele kwa bega. "Huyu ana neno la kukwambia, Mzee."

Tukaamkia, tukapiga goti, tukasema. Mzee alitutazama kwa muda. Halafu akachukua mkono wetu wa kulia, akaweka kidole chetu cha shahada kati ya jeraha na ukope wake. Kilitosha pale hasa, hakikubaki nafasi.

"Upana wa kidole kimoja," alisema. Akaagiza tuletewe maji ya kunawa na chakula.

Gobore lilirudi juu pamoja nasi, na mwenyewe akaja nalo akiwa na cheti chake mfukoni, kama sheria ilivyotaka. Mjomba aliliziba tundu la tatu kwa shaba, akalisugua mpaka likawa sawa na mtutu; na kinundu akakiweka juu ya pete ya shaba aliyoifua mwenyewe na kuivika mdomoni bila kutoboa chochote, kama alivyotaka tangu mwanzo kufanya jambo lisilo na tundu. Debe la mchele lilirudishwa. Sisi tulivuta mivuo. Tapu hatukunyang'anywa, wala hatukuambiwa tuitumie.

Tangu hapo tumehudhuria semina nyingi za utamaduni. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana alikusudia watu wa nchi hii wajionee fahari kwa vitu vyao wenyewe, nasi watumishi wa chini tumejitahidi kadiri ya nguvu zetu: tumehesabu ngoma, tumekusanya vitendawili, tumepima malungu kwa kamba. Lakini katika fomu zetu hakuna pahali pa kuandika mtu aliyeteremka ukingo wa Rukwa siku mbili kwa ajili ya tundu dogo kuliko punje ya mtama, ambalo hakuna aliyekuwa akilijua ila mtoto. Tumewahi kuuliza jambo hili katika mkutano mmoja. Mwenyekiti alisema kwamba hoja ni nzuri na kwamba muda umetutupa mkono.

Hatuandiki haya ili kuitetea silaha. Mambo waliyoyafanya watu kwa magobore, na hasa yale ya kienyeji yaliyotengenezwa kwa mabomba ya maji, yanajulikana; tembo wa nchi hii waliuawa kwa maelfu, mpaka ikabidi ifanyike Operesheni Uhai mwaka 1989. Mwaka huo huo mjomba aliacha kabisa kugusa bunduki. Hakukamatwa wala hakuonywa. Alisema tu kwamba hawajui tena wanaoleta. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamkataza asiye na leseni kutengeneza silaha au kuikarabati, nasi kama watumishi wa Serikali tumeisoma sheria hiyo hadharani kwa wananchi na tunaiona ni sawa. Lakini sawa ile ilikuwa na gharama yake huku kwetu. Kazi iliyodai ustadi kuliko zote katika banda la mhunzi iliondoka, yakabaki majembe ya kunyoosha, na vijana wakaona kwamba jembe la kunyoosha halihitaji mtu kukaa miaka saba akivuta mivuo. Banda la mjomba lilianguka mwaka 2004, mvua za kwanza baada ya yeye kufariki. Fuawe iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo.

Mwaka 2022 Serikali ilitoa muda wa Septemba na Oktoba kwa watu kusalimisha kwa hiari silaha walizokuwa nazo bila kibali, bila kushtakiwa. Sisi wakati huo tulikuwa tumepangiwa ofisi ya kata moja ya bondeni, na kwa kuwa mwandiko wetu husomeka, tulipewa daftari la kuandikisha. Watu walikuja alfajiri, wengine wameziviringisha silaha katika mikeka. Nyingi zilikuwa mabomba yaliyofungwa kwa waya na mipira ya baiskeli, kazi za kuogofya, na tulizigusa kwa ncha za vidole.

Siku moja katikati ya Oktoba alikuja kijana mwenye pikipiki, akafungua shuka. Alisema ni la babu yake aliyekufa zamani, na cheti kilizikwa naye au kililiwa na mchwa, hajui. Kitako kilikuwa kimepasuka. Mtambo ulikuwa umeganda kwa kutu, lakini herufi za neno TOWER zilikuwa bado zinasomeka kwa mtu anayejua cha kutafuta. Nyuma, kile kipande chenye mfuo kilikuwa kimekaa mahali pake, skrubu zake mbili zimekaza. Pete ya mbele haikuwapo. Pale ilipokuwa, juu ya chuma cheusi, palikuwa na doa dogo la manjano, la mviringo, laini. Tulilipitisha kidole mara mbili. Kidole hakikusikia mahali shaba ilipoanzia.

Tulimwuliza kijana kama babu yake alikuwa na kovu. Akasema ndiyo, hapa, akaonyesha chini ya jicho, na kwamba wajukuu waliambiwa lilitokana na nguruwe.

Daftari lilikuwa na safu ya aina ya silaha, namba, jina la aliyesalimisha, na hali yake. Tukaandika: gobore moja, halina namba, bovu. Halafu, ingawa hakuna aliyetutaka kufanya hivyo, tukaongeza katika nafasi iliyobaki: mtutu una matundu matatu ya skrubu, mawili nyuma, moja mbele, la mbele limezibwa kwa shaba.

Askari kijana aliyekuwa zamu, akisoma juu ya bega letu, akauliza kwa heshima, "Shikamoo tena mzee, hilo la tatu liliharibikaje? Kosa la fundi?"

Tukaichukua kalamu, tukaandika chini yake, kwa herufi ndogo kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha, kwamba fundi hakuwapo siku hiyo, alikuwa msibani.